91 au 95? Muscat hadi Nizwa na Datsun ya Ami

Kama umewahi kununiana na mwenza wako mbele ya pampu ya mafuta, inua mkono. Wangu uko juu tangu Alhamisi moja ya Oktoba 2023, jijini Muscat, saa sita mchana, joto nyuzi 37, ndani ya gari lisilo na kiyoyozi wala kiti cha nyuma. Viti viwili tu. Ukinuna, huna pa kuhamia.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Pua ndefu, tumbo karibu na lami, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, na kabureta mbili. Ukilikuta limeegeshwa barabara ya ufukweni pale Mutrah, vijana wa Muscat wanaacha magari yao ya bei mbaya wanakuja kupiga nalo picha. Mwenyewe ni Ami, baba mdogo wa mume wangu.

Ami aliondoka Unguja akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaangukia Mombasa, kwenye gereji. Ndiko alikopata ugonjwa wa hili gari. Pasaka ya 1971 alikuwa ameganda kwenye redio akifuatilia mashindano ya Safari, na Datsun 240Z zikachukua nafasi ya kwanza na ya pili: Edgar Herrmann mbele, Shekhar Mehta nyuma yake. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, na gari lile lile. "Gari ya michezo, imepita kwenye matope na mawe, imetoka nzima," Ami hupenda kusema. "Nikaapa kwamba siku nikipata pesa, ni hiyo."

Pesa alizipata Oman. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, Ami alikuwa mmoja wa waliokuja. Mwaka 1978 akalinunua gari lake mkononi kwa mtu. Mkewe, marehemu sasa, alipelekwa fungate na gari hilo.

Leo Ami ana presha ya macho. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kuna mnunuzi wa Dubai amekuwa akipiga simu kila wiki. Sisi tulikwenda kumjulia hali, na asubuhi ya siku ya tatu akampa mume wangu funguo. "Nendeni Nizwa, mlale, mrudi. Halafu tutazungumza." Tukajua kuna jambo. Tulipokuwa tunatoka getini akaongeza: "Mumsikilize. Ana maneno machache, lakini huyasema."

Pampu tatu, vichwa viwili

Kwetu Dar sheli nyingi zinakupa chaguo mbili: petroli au dizeli. Mwisho wa habari. Oman kijana wa pampu anakuuliza namba. 91? 95? Na baadhi ya vituo vina 98, ile ya bei ya juu kabisa.

Mume wangu akasema 98, bila kupepesa. "Gari kama hii unaipa mafuta ya teksi?"

Mimi nikasema 91. Hoja yangu ilikuwa na mantiki, au niliona hivyo: gari la 1972, Mjapani, enzi hizo watu wanapanda magari kwa shida, linajua nini kuhusu 98? Na pesa ya safari nilikuwa nayo mimi kwenye mkoba.

Sasa naomba niwe mkweli. Hatukuwa tunabishana kuhusu petroli. Nyumbani tuna kiwanja ambacho kimekaa miaka mitatu bila tofali, na mwezi mmoja kabla ya safari mwenzangu alinunua televisheni kubwa bila kuniambia. Yeye ananiona bahili. Mimi namwona mtu wa sifa. Kila mmoja aliingia pale sheli na faili lake kichwani, na yule kijana wa watu akabaki ameshika bomba anatutazama kama mechi ya tenisi.

Nikashinda. Lita 30 za 91 zikaingia kwenye tangi lililokuwa karibu na tupu. Kati ya 91 na 95 tofauti ilikuwa kama baisa 10 kwa lita, kwa hiyo nilikuwa nimeokoa baisa 300. Rial moja ina baisa 1,000. Piga hesabu mwenyewe uone ushindi wangu ulikuwa na ukubwa gani.

Sauti ya bisi

Barabara ya Nizwa inatoka Muscat ikielekea bara, na baada ya Fanja inaingia kwenye bonde la Sumail, uwazi unaoigawa milima ya Hajar kuwa ya mashariki na ya magharibi. Usitegemee kijani cha Usambara hapa. Ni miamba ya rangi ya kahawa iliyoungua, mingine karibu nyeusi, imekatika kwa makali. Wanajiolojia wanatoka dunia nzima kuja kuitazama, kwa sababu zamani sana miamba hii ilikuwa sakafu ya bahari, ikasukumwa juu ya nchi kavu. Katikati ya ukavu huo ghafla unaona mstari wa mitende na nyumba za udongo, unajua pale chini maji yanapita.

Barabara ni pana na nzuri, lakini inapanda. Inapanda polepole, bila kona za kutisha, kiasi kwamba dereva hashtuki. Mwenzangu alibaki gia ya juu, akakanyaga mafuta kuisindikiza injini.

Hapo nikaisikia. Kwanza nilidhani ni kokoto chini ya gari. Kisha nikaona hapana, sauti inatoka mbele, kavu, ya haraka haraka, kama bisi zinazoanza kuruka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Akiachia mafuta, inakata. Akikanyaga, inarudi.

Msomaji, nilinyamaza. Nilinyamaza kilomita nyingi tu. Sikujua ni nini hasa, lakini moyoni nilihisi ina uhusiano na zile baisa 300, na sikutaka kuwa mtu wa kulisema hilo.

Mwisho naye akaisikia. "Ni nini hiyo?"

"Ipi?" nikamjibu. Aibu yangu hiyo.

Tukaegesha kwenye kibanda cha chai pembeni ya barabara, karibu na Sumail. Boneti juu, joto linatupiga usoni, na sisi tukaanza. Televisheni ikatoka. Kiwanja kikatoka. Mama mkwe, Mungu amsamehe, naye akatoka. Tulikuwa tunagombana kwa raha kabisa, kwa Kiswahili, tukiamini kwamba katikati ya milima ya Uarabuni hakuna anayetuelewa.

"Wanangu," sauti ikasema nyuma yetu, "yote hayo tumeyasikia. Hebu kwanza chai."

Alikuwa mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, glasi ya chai ya maziwa mkononi. Kiswahili chake cha Ng'ambo, Unguja, hakina hata kovu. Kama hujawahi kufika Oman, jiandae: Kiswahili kinakusubiri sokoni, hospitalini, mpaka kwenye kibanda cha chai. Shikamoo zetu zilitoka kwa sauti ndogo sana.

Darasa la kwenye benchi

Mzee alikuwa fundi wa magari miaka mingi, kambini jangwani. Hakufungua hata kifuniko kimoja. Aliuliza maswali matatu: inalia wakati gani, mmetia mafuta gani, na nani anaitengeneza gari hii. Tukajibu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mtoto aliyelishwa pilipili.

"Watu wanadhani oktani ni nguvu," alisema. "Oktani si nguvu. Ni subira."

Nikatoa kidaftari. Alivyoeleza ni hivi. Ndani ya silinda pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukishabanwa sawasawa, plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kusambaa kwa mpangilio, unaisukuma pistoni chini. Hiyo ndiyo kazi. Lakini kitu kikibanwa kinapata joto. Petroli isiyo na subira haingoji moto uifikie: ile iliyobaki pembeni inajilipukia yenyewe, na mgandamizo unapanda ghafla. Ule mgongano ndio zile bisi. Mafundi wanasema injini inagonga. Igonge kidogo kwenye mlima mmoja, huenda usione madhara. Iache igonge miezi, inakula pistoni.

Namba ya oktani inapima subira hiyo tu. Kwenye maabara kuna vimiminika viwili vya kulinganishia: isooktani, iliyopewa 100 kwa uvumilivu wake, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya 95 inavumilia mgandamizo sawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Haina maana kwamba ina moto mkali zaidi.

"Kwa hiyo 98 ingekuwa bora?" mume wangu akauliza haraka, macho yameanza kumng'aa.

"Kwa injini hii? Ungemnunulia kipofu miwani ya dhahabu."

Gari la kisasa, akaeleza, lina kifaa kinachosikia injini ikianza kugonga, na kompyuta inachelewesha cheche kidogo kuiokoa. Mengine yametengenezwa yafaidike na oktani ya juu, kompyuta inaiwahisha cheche na nguvu inaongezeka. Datsun ya 1972 haina kompyuta. Wakati wa cheche unapangwa na fundi kwa mkono, na pale alipoupanga ndipo ulipo mpaka arudi. Injini yake inaubana mchanganyiko mara 9, si kidogo wala si wa kutisha. Ami ameipanga kwa 95. Ukiipa 98 inaunguza vizuri tu, ila ziada unayolipia haikurudii. Ukiipa 91, kwenye tambarare asubuhi huenda usisikie kitu. Mpe mlima, joto la mchana, gia ya juu na mguu mzito, atakuambia.

"Nyie mmempa vyote vinne kwa pamoja," akamaliza. "Na bado mnatafuta nani mwenye kosa."

Kimya. Nikamtazama mwenzangu, akanitazama. Nikasema, "Niliisikia tangu Fanja. Nilinyamaza." Akasema, "Na mimi ningeshuka gia, ila nilikuwa na hasira." Mzee akaagiza chai nyingine, akageuka kuongea na mwenye kibanda, kwa heshima ya kutuacha peke yetu.

Dawa ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. Hatukuhitaji kunyonya mafuta kwenye tangi. Tulikuwa tumebakiza kama lita 20, tukaongeza lita 35 za 95 kwenye kituo kilichofuata. Piga hesabu ya kawaida ya mchanganyiko, unapata takriban 93 na nusu. Tukasubiri jua lipungue, mwenzangu akashuka gia kila mwinuko ulipoanza na kuiacha injini izunguke kwa wepesi. Madirisha wazi, vinywa vimefungwa, masikio kazini. Tulifika Izki bila bisi hata moja.

Birkat al-Mawz mpaka Nizwa

Kabla ya Nizwa, kata uende Birkat al-Mawz. Ni kijiji chini ya mlima, kina magofu ya nyumba za udongo zilizopandana na shamba kubwa la mitende, na katikati unapita mfereji wa Falaj al-Khatmain, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanatembea yenyewe kwa mteremko, hakuna pampu. Tulitia miguu humo jioni, viatu mkononi, na ndipo mwenzangu aliponishika bega kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Juu yenu pale ni Jabal Akhdar, uwanda wa mita 2,000 hivi unaosifika kwa mawaridi na makomamanga. Datsun haiendi. Kuna kizuizi cha polisi na wanaoruhusiwa kupanda ni wenye magari ya kuvuta magurudumu manne, kwa ajili ya mteremko mkali wa kurudi. Usibishane nao. Cha kuchekesha ni kwamba kule juu hewa ni nyepesi, silinda inavuta hewa kidogo, na mgandamizo unapungua. Injini ile ile iliyolalamika bondeni ingeweza kuridhika na 91 kule mlimani. Kwa hiyo hata jibu sahihi lina mahali pake.

Nizwa tulilala nyumba ya wageni ndani ya mji wa kale, ukutani kabisa. Ngome yake, ule mnara mnene wa duara, ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe Saif ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Ukisimama juu ya mnara ule ukatazama mitende, ghafla pwani yetu haionekani mbali.

Ijumaa amka mapema uwahi mnada wa mbuzi. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, bei zinatajwa kwa sauti. Nikaona mzee mmoja anamshika mbuzi mdomo, anamwangalia meno, anamwachia. Hakuuliza bei kwanza. Nikasema moyoni, na mimi ningeanza hivyo kwenye pampu.

Kabla hujajaza tangi

Kwa wale wenye gari la zamani, au wanaoota kulinunua, haya ndiyo niliyorudi nayo kwenye kidaftari:

Anza na kitabu cha gari. Kikiwa hakipo, muulize fundi mambo mawili: injini inabana mara ngapi, na cheche imepangwa kwa mafuta gani. Jibu la pili ni muhimu kama la kwanza.

Angalia namba inapimwa vipi. Oman na Ulaya hutumia kipimo kinachoitwa RON. Marekani hutumia wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 87 ya pampu ya Marekani inakaribiana na 91 ya Muscat. Ukisoma ushauri wa Mmarekani ukaunakili kama ulivyo, umejipoteza.

Jaribu kwa masikio. Injini ikiwa imeshapata moto, panda mwinuko, sikiliza. Ikigonga, shuka gia, punguza mguu, na mara nyingine panda namba moja ya mafuta. Isipogonga, huna sababu ya kulipia zaidi.

Usiyasingizie mafuta kila kitu. Cheche iliyowahi mno, plagi zisizo zake, masizi ndani ya silinda au rejeta iliyoziba, vyote huleta sauti ile ile.

Na risasi? Magari haya yalizaliwa wakati petroli ilikuwa na risasi, iliyopandisha oktani na kulinda viti vya valvu, ila ikaharibu afya za watu. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Kwa hiyo muulize fundi pia kama viti vya valvu vya injini yako vinahimili petroli isiyo na risasi. Oktani ya juu haitibu hilo.

Maongezi ya usiku

Tulirudi Muscat Ijumaa jioni. Njiani tulikubaliana kusema ukweli, ingawa nakiri mwenzangu alipendekeza kwamba "si lazima kila kitu." Ami alikuwa kwenye kiti chake barazani. Alisikiliza gari likiingia, akatwambia tusizime. Akasimama karibu na boneti kama dakika moja, kichwa kimeinama.

"Haya. Semeni."

Tukasema. 91, mlima, kibanda cha chai, mzee wa Ng'ambo.

"Nani aliisikia kwanza?"

"Mimi, Ami. Nikanyamaza."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa kuonekana nimekosea."

Alikaa kimya mpaka nikadhani tumeharibu. Kisha akasema taratibu kwamba mwaka 1981, kwa ubahili wake, aliilazimisha gari hiyo na mafuta ya hali ya chini miezi mingi. Pistoni zikaharibika. Pesa ya matengenezo ilikuwa ya jiko jipya la mkewe. "Nikamwambia pistoni zilizeeka. Kafariki akiamini hivyo. Jambo dogo tu. Lakini kila nikiwasha gari nalisikia."

Hakuna aliyejibu. Ndani ya nyumba simu ililia, namba ya Dubai, ikalia mpaka ikakata.

Ami akaomba nilete kalamu ya wino usiofutika. Akapapasa ubavu wa nyuma wa gari kwa kiganja mpaka akakipata kifuniko cha mafuta, akakifungua. "Andika humu ndani," akaniambia. "Namba kubwa. Ili kesho mkija tena msigombane."

Nikaandika 95.